Jibu: Tairi za njia ya changarawe kando ya maziwa
Umeuliza kama njia tambarare ya changarawe, inayozunguka maziwa na kupita msituni bila magari, inahitaji kweli tairi pana za baiskeli. Ndiyo, chukua za milimita 40 au zaidi. Kama una kilo 70 hivi na unatumia tyubu, jaza upepo hadi PSI 35 au 40 (PSI ni kipimo cha shinikizo la upepo ndani ya tairi), kisha punguza kidogo kidogo. Upepo wa tairi ukizidi, baiskeli inarukaruka na mikono inakufa ganzi. Ukipungua mno, mzizi mmoja tu utaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa.

Ila kinachochosha zaidi kwenye tambarare si tairi. Hakuna mteremko wa kupumzikia, kwa hiyo unakanyaga muda wote umekaa vilevile. Inuka kitini kila baada ya dakika chache na ubadilishe mshiko, hata kama bado hujahisi maumivu. Ukingoni mwa ziwa upepo hauna kizuizi: mimi huanza safari kwa kuukabili, ili wakati wa kurudi unisukume.

Kwenye mchanga ingia na mwendo, gia umeshaipunguza, usukani usiukamate kwa nguvu. Na funga kengele, tafadhali. Waenda kwa miguu msituni hawakusikii ukija.