Kabla hujakataa kupima, uliza fomu inakwenda wapi

Mimba yangu ya kwanza nilianza kliniki ikiwa na miezi sita. Si uvivu. Nilikuwa nimesikia kwamba ukikutwa na kaswende au VVU jina lako linapelekwa serikalini, na kichwani mwangu "serikalini" ilikuwa polisi, mwajiri na mama mkwe kwa mpigo.

Mkunga niliyemkuta hakunikaripia. Alinieleza kwamba sheria za kuripoti magonjwa haya kwa kawaida humtaka daktari au maabara kuipa taarifa idara ya afya, ili wagonjwa wahesabiwe na wenza wao watibiwe. Kwingine huandikwa jina, kwingine namba tu. Basi uliza kabla sindano haijakugusa: ni jina au namba? Nani ataiona? Mwenzangu akiarifiwa, nitatajwa? Ulizia hayo ukiwa peke yako. Aliyekusindikiza asubiri nje, hata akiwa mume.

Zipo nchi ambako kumwambukiza mtu VVU ni kosa la jinai. Kama unaishi huko hofu yako ina msingi, na mtunga sheria aliyedhani vitisho vitawaleta watu kupima hakuwahi kuwa mjamzito. Tafuta ushauri wa kisheria, ila usingoje miezi.

Niliwaza kupima bila jina. Tatizo ni kwamba majibu yasiyo na mwenyewe hayaingii kwenye kadi ya kliniki; ukikutwa na ugonjwa, itabidi upime tena ndipo utibiwe. Kama hiyo ndiyo hatua pekee unayoiweza, anza nayo.

Mimi kilichonisukuma ni kalenda. Kaswende hutibika kwa sindano ya penisilini, lakini matibabu yatakiwa kuanza angalau siku 30 kabla ya kujifungua ndipo mtoto ahesabiwe amekingwa. Ikiachwa, yaweza kumuua tumboni. VVU navyo, mama asipotumia dawa, uwezekano wa kumfikia mtoto ni asilimia 15 hadi 45. Akitumia, hushuka chini ya 5.

Nilipima, nikakutwa na kaswende. Fomu ilijazwa mbele yangu, nikaisoma mstari kwa mstari. Polisi hawamo, mwajiri hayumo. Sehemu ya mwenza ndiyo iliyonitoa jasho, nikaamua kumwambia mwenyewe kabla hajapigiwa simu na mtu asiyemjua. Alikwenda kuchomwa sindano wiki ileile, amenuna.