Ukitaka kuelewa hali za maada, kodolea macho kipimajoto

Wanafunzi wengi ninaowasaidia sayansi wanakuja wameshakariri: yabisi ikipashwa moto inayeyuka inakuwa kimiminika, kimiminika kikichemka kinakuwa gesi, ukipoza vinarudi vilikotoka. Wako sahihi na maswali ya kujaza nafasi wanayapata vizuri tu, ila ukimuuliza mtu swali moja dogo, barafu ikiwa inaendelea kuyeyuka jotoridi lake linapanda au limesimama, karibu wote wanasema linapanda. Hapo ndo pa kuanzia, maana ukishapaelewa hapo sehemu kubwa ya mada hii inajipanga yenyewe.

Kwahiyo weka daftari pembeni kwanza utafute kipimajoto, kile cha maabara au cha dijitali kinachovuka nyuzi 100, sio cha kupimia homa maana hicho kinaishia 42 hivi na kile cha kioo kitapasuka. Ponda barafu, iweke kwenye chombo, pasha kwa moto mdogo huku unakoroga muda wote na unaandika namba kila dakika. Barafu ikitoka kwenye friza iko chini ya 0, itapanda mpaka 0 halafu basi, inagoma, moto unawaka barafu inapungua lakini namba haitoki hapo mpaka kipande cha mwisho kiishe, ndo inaanza kupanda tena. Ikikaribia 100 inagoma mara ya pili, na hapo hata uongeze moto vipi maji yatatokota kwa fujo na kuisha haraka ila hayatazidi hapo. Mwambie mtoto achore grafu mwenyewe, atapata mstari unaopanda, unalala, unapanda, unalala. Nimeona hiyo grafu ikifanya kazi kuliko maelezo yangu yote.

Sasa ule moto wote wakati mstari umelala unaenda wapi? Unatumika kuzitenganisha molekuli, yaani zile chembe ndogo sana zinazounda kitu. Kwenye yabisi zimeshikana kila moja mahali pake zinatetemeka tu, kwenye kimiminika zinateleza kupishana, kwenye gesi zimeachiana kabisa. Kuvunja huo mshikamano kunahitaji nishati, na nishati inayofanya kazi hiyo haipandishi jotoridi, ndo inaitwa joto fiche. Mwanasayansi wa Scotland, Joseph Black, ndo aliyeieleza vizuri miaka ya 1760. Na sio nishati ndogo bana. Kilo moja ya barafu ya nyuzi 0 ili iwe maji ya nyuzi 0 inahitaji kama kilojuli 334 (kilojuli ni kipimo cha nishati), ambazo zingetosha kuyapasha hayo hayo maji kutoka 0 mpaka karibu 80! Kugeuza kilo ya maji ya 100 kuwa mvuke ni kama kilojuli 2,260, zaidi ya mara tano ya zile za kuyatoa 0 kuyafikisha 100.

Ndo maana nawasisitizia sana wazazi wanaofanya jaribio hili na watoto, mvuke ni hatari kuliko maji ya moto yenyewe, ukigusa ngozi unageuka maji na kuiachia hiyo nishati yote hapo hapo. Mikono na uso vikae mbali na mdomo wa chombo.

Yakiwa yanachemka muulize mtoto yale mapovu makubwa yana nini ndani. Atasema hewa. Hapana, hewa iliyoyeyuka kwenye maji inatoka mapema kama vipovu vidogo vidogo, haya makubwa ni maji yenyewe yakiwa gesi. Na ule moshi mweupe unaoonekana juu sio gesi tena, ni matone madogo sana ya maji yaliyokwisha poa, mvuke wenyewe hauonekani kwa macho.

Halafu msimkaririshe 100 kama vile ni amri. Hiyo ni kwa presha ya hewa ya usawa wa bahari, ukipanda juu presha ya hewa inapungua na maji yanachemka mapema, kileleni Everest ni kwenye nyuzi 70 hivi. Na kila kitu kina namba zake, metali ya galiamu inayeyuka kwenye nyuzi kama 30 yaani kiganjani tu, dhahabu mpaka 1,064, naitrojeni inachemka -196. Kaboni dayoksaidi iliyoganda yenyewe kwa presha ya kawaida hata kimiminika haipitii, inatoka yabisi kwenda gesi moja kwa moja ikifika kama -78. Pia kugeuka mvuke sio lazima kuchemka, nguo zinakauka kwenye kamba bila kufika 100, molekuli zenye kasi zaidi zinachomoka juu ya uso wa maji kwenye jotoridi lolote.

Mkimaliza rudieni kwa kupoza, watu wengi wanaruka hii sehemu. Weka maji kwenye chombo cha plastiki kisichojaa ukitie kwenye friza, kioo hapana, maana maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 na yanapasua. Namba itashuka mpaka 0 na kusimama, safari hii maji ndo yanatoa zile kilojuli 334. Ikitokea imeshuka chini ya 0 bado ni maji usidhani kipimajoto kimeharibika, maji safi yaliyotulia yanaweza kufanya hivyo, yakianza tu kuganda namba inaruka kurudi 0.