Eurovision: aliyeshinda kule, kwao anasikilizwa?

Wiki iliyopita niligusia Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya lililoanza mwaka 1956 huko Lugano, Uswisi. Meseji zimeingia, nyingi kutoka Kigoma, na karibu zote zinauliza wimbo ukishatoka huko unapokelewaje nyumbani. Nimechukua nne.

Habari za kazi, kaka. Ukishinda Eurovision, kwenu ni lazima ushike namba moja? – Msomaji, Ujiji

Nzuri, ndugu yangu. Si lazima, ingawa mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Lena wa Ujerumani (2010) na Loreen wa Sweden (2012) walishinda na kwao wakashika namba moja kwenye chati, yaani orodha ya nyimbo zinazotamba zaidi. Kwa Waingereza, Sandie Shaw, Brotherhood of Man na Bucks Fizz vilevile. Ila Katrina and the Waves walioshinda mwaka 1997 waliishia namba tatu kwenye chati za kwao.

Na aliyeshindwa je, si anarudi na aibu yake? – Mama wa Mwanga

Hapa ndipo penye utamu, mama. Mwaka 1968 Cliff Richard alipitwa kwa pointi moja tu na Massiel wa Hispania, lakini wimbo wake ulishika namba moja Uingereza. Gina G alikuwa wa nane mwaka 1996. Naye namba moja. Hata Jemini, waliorudi na sifuri mwaka 2003, waliingia kwenye ishirini bora.

Sababu mojawapo iko kwenye kanuni: nchi hairuhusiwi kuupigia kura wimbo wake. Mwingereza anayeupenda wimbo wa kwao usiku ule hana la kufanya. Kesho yake anakwenda dukani, au siku hizi anabonyeza simu. Kwa hiyo mimi chati ya nyumbani naihesabu kuwa kura aliyonyimwa mwenye wimbo wake.

Tena majaji nao hukosana na wananchi wao. Mwaka 1974, pale Brighton, majaji wa Uingereza hawakuwapa ABBA, kundi la Sweden lililoshinda mwaka ule, hata pointi moja. Haukupita muda, wimbo wao "Waterloo" ukawa namba moja Uingereza hiyohiyo.

Lakini kwangu mfalme ni Domenico Modugno wa Italia. Mwaka 1958 alikuwa wa tatu na wimbo ambao wazee wetu wanaujua kwa kiitikio chake, "Volare". Ulishika namba moja Marekani na kuzoa tuzo mbili za Grammy, tuzo kubwa za muziki za huko. Mshindi wa mwaka ule alikuwa André Claveau wa Ufaransa. Kama ulikuwa unamjua, hongera.

Bro, huko nako wanahesabu kwa kutrendi YouTube? Maana huku kila redio ina namba moja yake. – Kijana wa Gungu

Hapana, mdogo wangu. Uingereza wana chati rasmi moja. Ilipoanza mwaka 1952 watu wa gazeti walikuwa wanapigia simu maduka ya santuri kuuliza kilichouzwa. Tangu 2014 wanachanganya mauzo na usikilizaji wa mtandaoni, na hapo ndipo wimbo uliopoa huweza kufufuka. Rosa Linn wa Armenia alikuwa wa ishirini mwaka 2022; miezi michache baadaye TikTok ikambeba hadi chati ya mia bora ya Marekani. Duncan Laurence wa Uholanzi alishinda 2019, Wamarekani wakaja kumsikia 2021.

Shikamoo. Afrika tumewahi kushiriki? Na mimi niliye huku mwisho wa reli naweza kupiga kura? – Mwanafunzi, Kasulu

Marahaba. Morocco imeshiriki mara moja, mwaka 1980, kwa sauti ya Samira Bensaïd. Alikuwa wa 18 kati ya 19. Haikumpunguzia kitu, kwani baadaye akawa nyota mkubwa wa nchi za Kiarabu.

Kura unaweza. Tangu 2023 walio nje ya nchi zinazoshiriki wanapiga kwenye intaneti, na dunia nzima iliyobaki inahesabiwa kama nchi moja. Andaa kadi ya benki tu, maana kura inalipiwa.