Manowari na bomba tatu: kwa nyie mnaoanza kukusanya kumbukumbu za mabaharia wa vita

Mara ya kwanza naenda delta ya Rufiji nilikuwa na daftari jipya na maswali yangu kumi na tano nimeyaandika vizuri kabisa, nikakaa mkekani kwa mzee mmoja, shikamoo marahaba, nikamuuliza babu unajua nini kuhusu Königsberg. Kimya. Nikarudia taratibu nikidhani hajasikia. Akasema hilo jina halijui. Nilishafunga daftari ndo kijana aliyenipeleka akamwambia babu, anaulizia ile manowari na bomba tatu, ya Mdachi. Mzee akaokota kijiti akachora chini mistari mitatu imesimama pamoja, hizo bomba za kutolea moshi, alafu akachora kamstari kalikolala chini yake, akasema "baba yangu aliiona hivi, ikitokea kwenye mikoko, moshi haupo." Tulikaa mpaka alasiri.

Kwahiyo somo la kwanza kabisa, kabla hujanunua kinasa sauti wala nini, tafuta jina ambalo watu wenyewe waliiita meli. Königsberg ni jina la kwenye karatasi za Wajerumani. Watu wa Dar es Salaam walipoiona imeingia bandarini Juni 1914 waliiita manowari na bomba tatu, na ukiuliza kwa jina la kitabu unajifungia mlango mwenyewe.

Kwa ambao hamjui kisa, nakisema kwa kifupi. Ilikuwa manowari ya Kijerumani yenye mizinga kumi ya sentimita 10.5, nahodha wake Max Looff. Vita ilipoanza ikatoka Dar, na alfajiri ya Jumapili tarehe 20 Septemba 1914 ikaikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga Unguja inatengeneza mitambo, ikaipiga mpaka ikazama, mabaharia zaidi ya thelathini wakafa, makaburi ya baadhi yao yako kisiwa cha Chapwani mpaka leo. Baada ya hapo Königsberg ikawa na shida ya mitambo yake yenyewe, ikajificha kwenye mikono ya Rufiji upande wa Salale, vyuma vya boila vikaburutwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar vikatengenezwe alafu virudishwe. Waingereza wakaifungia humo miezi mingi, wakazamisha meli ya Newbridge ili kuziba mlango, wakaleta ndege, mwisho wakaleta meli mbili bapa zinazoweza kupita maji mafupi, Severn na Mersey. Wakajaribu tarehe 6 Julai 1915 ikashindikana, tarehe 11 wakaimaliza, Looff akaamuru wenyewe wailipue. Mizinga ikaopolewa, mabaharia waliobaki wakawa askari wa nchi kavu kwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu. Mzinga mmoja mtauona Fort Jesus Mombasa, mwingine uko Pretoria.

Sasa hayo yote yameshaandikwa. Hiki ndo kitu ambacho mtu anayeanza hakielewi haraka, na mimi ilinichukua muda: vita yenyewe, nani alipiga nani saa ngapi, hiyo ina karatasi zake, vitabu vya zamu vya meli vipo, ripoti zipo. Kinachopotea ni vile walivyoishi na waliowazunguka. Baharia alikula nini mwezi wa sita kwenye mikoko yenye mbu, nani alimuuzia kuku, nani alibeba maji, mgonjwa wa malaria alilazwa wapi, kamba ya kuburutia boila ilikuwa ya nini na watu walikaa pande gani. Na tukisema kumbukumbu za wafanyakazi wa meli mtu anawaza wazungu wa kwenye picha tu, wamevaa nguo nyeupe, lakini boila haikujiburuta yenyewe mpaka Dar, na mizinga haikutoka Rufiji kwa miguu yake. Walioivuta ni watu wetu, na wao majina yao hayako kwenye orodha ya meli, yako kwenye vichwa vya wajukuu tu, na wajukuu wenyewe sasa hivi ndo wazee.

Kwahiyo usianze na "nieleze kuhusu vita". Mtu akiulizwa hivyo anakupa hotuba. Anza na mikono. Baba yako alikuwa anafanya kazi gani pale? Alikuwa anaamka saa ngapi? Alibeba kwa kichwa au kwa mti begani? Nani alikuwa mwenzake? Mzee akianza kuonyesha kwa mikono, we nyamaza, usimkatishe hata kama anarudia, maana mara ya pili huwa anaongeza kitu.

Nije kwenye jambo lililonibadilisha, na naomba mlishike hili kuliko mengine yote.

Bibi mmoja, marehemu sasa, alinambia manowari ilivunjwa siku za vunja jungu. Alisema mama yake alikuwa binti mdogo, wako kwenye pilikapilika za kukaribisha mwezi mtukufu, ndo mizinga ikalia mpaka vyombo vikatikisika. Mimi nikajua tarehe ni 11 Julai, na kichwani kwangu vunja jungu na Julai havikuwa na uhusiano wowote, nikajisemea bibi kachanganya, nikaandika kwenye daftari "kabla ya mfungo (?)" nikasonga mbele. Miaka kama miwili baadae nimekaa na mwalimu mmoja wa madrasa tunahesabu tarehe za kale, nikamwomba anitafutie Ramadhani ya mwaka 1333 Hijria iliangukia lini. Akapiga hesabu, akasema mwanzo wake ni tarehe 13 au 14 Julai 1915, inategemea mwandamo. Yaani siku mbili tatu tu baada ya manowari kulipuliwa! Bibi alikuwa sawa kabisa, mimi ndo nilikuwa sijui kusoma kalenda yake. Na ile alama ya kuuliza niliyoiweka ni mimi nilimwekea, sio yeye.

Tulipopiga hesabu ile tukaona na lingine. Tarehe 20 Septemba 1914, siku ya Pegasus, mwezi ndo ulikuwa unaandama, maana yake usiku ule ulikuwa giza tupu na maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana. Kwahiyo mvuvi wa Unguja akikwambia babu yake alisema meli ilikuja kwenye giza wakati wa bamvua, usimwambie "una uhakika?", nenda kahesabu mwezi kwanza.

Tangu hapo sheria yangu ni moja, maneno yanaandikwa kama yalivyosemwa. Akisema vunja jungu andika vunja jungu. Akisema saa kumi na moja andika saa kumi na moja, alafu pembeni, kwa kalamu ya rangi nyingine, weka tafsiri yako. Hili la saa limeharibu kazi nyingi sana. Kijana aliyesoma anasikia "saa mbili asubuhi" anaandika 2:00 kwenye kompyuta, miaka kumi baadae mtu analinganisha na kitabu cha zamu cha meli anaona mzee muongo, kumbe muongo ni aliyeandika.

La pili, isnadi. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili, tumelelewa nalo, hadithi haipokelewi mpaka ujue fulani kapokea kwa fulani ambaye kapokea kwa fulani. Sasa tukishika kinasa sauti sijui kwanini tunasahau. Kila simulizi iwe na mnyororo wake: mzee kasikia kwa baba yake, baba aliona kwa macho akiwa kijana wa kuvuta kamba. Au mzee kasikia kwa mtembeza wageni mwaka juzi. Zote andika, ila usiziweke kapu moja. Nimeshakutana na mzee ananisimulia vizuri sana, kwa tarehe na majina ya Kiingereza, nikamuuliza babu haya ulipokea kwa nani, akajibu bila shida, kuna mgeni alikuja na kitabu akatusomea. Huyo mzee hana kosa, angenificha ndo ingekuwa shida. Swali la "ulipokea kwa nani" liulizwe kwa upole, mwishoni, wakati chai inanywewa, sio kama polisi.

Mnaoona haya ni mambo ya kijijini tu, angalieni Indianapolis ya Marekani. Meli hii ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani usiku wa manane tarehe 30 Julai 1945, ikazama kwa dakika kama 12, watu karibu 900 wakaingia majini na hakuna aliyewatafuta kwa siku nne. Walionusurika walikaa miongo mingi wakikutana na kusimuliana, na kwa miaka yote hiyo vitabu viliandika walionusurika ni 317 na waliokuwemo ni 1,196. Mwaka 2018 ndo ikarekebishwa kuwa 316 na 1,195, kwasababu fundi mmoja wa redio alipewa uhamisho akashuka kabla meli haijaondoka, jina lake likabaki kwenye karatasi. Jeshi kubwa vile, na jina moja tu lilikaa miaka zaidi ya sabini bila kuguswa. Kwahiyo orodha ya majina nayo ni simulizi, nayo ina isnadi yake, iulize.

Na meli hiyohiyo ilikuja kuonekana chini ya bahari Agosti 2017, kina cha mita 5,500 hivi, na moja ya vitu vilivyosaidia ni kumbukumbu ya baharia wa meli nyingine kabisa aliyesema walipishana na Indianapolis masaa kama 11 kabla haijazama. Mwanahistoria wa jeshi la majini akafuatilia mtu huyo alitumikia wapi, akakuta ni kwenye LST-779, meli ya kushusha vifaru ufukweni, akaipata njia iliyopita, eneo la kutafutia likahamia magharibi zaidi. Angalieni hapo, maneno yalipewa heshima yao kwanza alafu ndo karatasi ikaletwa kuyapima.

Kuhusu filamu, kuweni macho. Kuna filamu maarufu ya samaki papa ya mwaka 1975, Jaws, ambayo baharia ndani yake anataja tarehe ya kuzama Indianapolis kuwa 29 Juni, mwezi mzima kabla, na watu wengi wanaijua meli kwa maneno yale. Huku kwetu ni video za simu. Kabla ya kurekodi usimwonyeshe mzee picha wala video yoyote ya meli, na usimsimulie unachokijua. Picha mletee siku ya pili, baada ya yeye kumaliza yake. Picha nzuri sana ya kumpa ni ya watu wakiwa kazini, mizinga ikivutwa, sio ya meli inaungua.

Mambo ya vifaa nayapitia haraka. Simu ya kawaida inatosha, iweke hali ya ndege, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa sio juu ya meza, zima feni, na kaa mbali na kuku. Sauti usiitume kwa WhatsApp ukadhani umehifadhi, inaweza kubanwa na ubora ukapotea, hamisha faili lenyewe kwa waya. Nakala tatu, moja isikae nyumba moja na nyingine. Mwanzo wa rekodi sema wewe mwenyewe kwa sauti tarehe, kijiji, nani yupo mkekani, na mwombe mzee aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali na nani aruhusiwe kusikiliza. Mimi niliwahi kukabidhi daftari halisi kwenye ofisi moja, bila nakala, nikaambiwa litarudi wiki ijayo. Halikurudi. Kulikuwa na wazee wanne humo na watatu walishatangulia mbele ya haki. Usitoe kitu halisi mkononi mwako, iwe daftari iwe picha ya familia ya watu, piga picha palepale mlangoni, kwenye mwanga wa kivuli, umrudishie mwenyewe.

Na vyuma, naomba sana. Mabaki ya Königsberg yalishavunjwavunjwa kuuzwa vyuma chakavu tangu miaka ya 1920 na kilichobaki kikazama kwenye tope miaka ya 60. Ukionyeshwa kipande nyumbani kwa mtu usinunue, tuna sheria ya mambo ya kale tangu 1964, na zaidi ya sheria, ukikiondoa pale mzee hana tena cha kukishika wakati anasimulia. Mpige picha akiwa amekishika, vidole vyake vionekane.

Mwisho rudisha. Kila ukimaliza rudi ukamsikilizishe sauti yake mbele ya watoto wake, ndo utasahihishwa pale. Yule mzee wa mistari mitatu nilimrudia baada ya miezi minne na spika ndogo. Alisikiliza yote ameinamisha kichwa. Ilipofika pale anaposema moshi haupo, akainua mkono nisimamishe, akamwita mjukuu wake wa kike aliyekuwa anakuna nazi, akamwambia kaa hapa. Akaniambia nirudishe nyuma, alafu nianze kurekodi tena, maana kuna jina la mtu aliyekuwa anavuta kamba na baba yake, siku ile alilisahau, na sasa amelikumbuka.