Maswali yenu ya brashi za faundesheni, na lile la kuosha ambalo hamlipendi

Wiki hii karibu meseji zote ni za brashi. Nimefurahi kwa sababu ni kitu ninachokipenda, ila jamani nusu yake ni swali lile lile limeandikwa haraka haraka bila maelezo. Nimechukua haya saba, wengine mtajikuta humu humu.

Anti naomba unitajie brashi nzuri ya faundesheni. (Msomaji, Mwanza)

Faundesheni gani mdogo wangu? Ya maji, krimu, stiki, poda? Ngozi yako ina mafuta au kavu? Hujasema hata kimoja, na mkiuliza hivi siwezi kuwasaidia. Brashi inafuata faundesheni, haitangulii. Ya maji inataka nywele za sinthetiki, zile za nailoni, kwa sababu hazinywi. Nywele za mnyama, mara nyingi mbuzi, zinashika unga vizuri sana lakini ukizitia faundesheni ya maji zinaifyonza, unapampu mara tatu na hela yako inabaki kwenye brashi. Hizo ziachie poda. Stiki na krimu zinataka brashi fupi yenye nywele zilizobanana, ile kabuki iliyokatwa bapa juu. Na muuzaji akikwambia "hii ni ya kila kitu" muulize swali la pili.

Dada, nikipaka inaacha mistari kama ukuta uliopakwa rangi. Natumia brashi bapa ile kama ulimi. Nibadilishe faundesheni? (Mama Wawili, Tabata)

Usiiguse faundesheni, haina kosa. Hiyo brashi ya ulimi kazi yake ni kusambaza, kuchanganya haiwezi. Wapambaji wengi walianza nayo na walitoa kazi safi, lakini walikuwa wanamalizia na sponji au vidole, na hiyo sehemu ya pili ndiyo watu wanairuka. Kama hutaki kununua nyingine, sambaza nayo kisha gonga gonga na sponji yenye unyevu mpaka mistari ipotee.

Kama unanunua basi chukua kabuki bapa. Anza katikati ya uso, pembeni mwa pua, toka nje kuelekea masikioni, gonga halafu zungusha viduara vidogo, usiburute. Na uanze na kidogo, tone shavu hili tone shavu lile, maana joto la Dar na faundesheni nene havikai pamoja, ikifika saa sita mchana imeshajikusanya kwenye mikunjo ya pua na hapo hata poda haikusaidii. Ukitaka nyepesi kabisa, ya kwenda kazini, kuna ile brashi yenye nywele za aina mbili, nyeusi chini nyeupe juu, zimeachana achana, inaweka kidogo kidogo. Kumbuka hivyo tu: nywele zikibanana unafunika sana, zikiachana unafunika kidogo. Mwenye ngozi kavu inayobanduka asisugue kabisa na kabuki, agonge tu.

Kabla hujalipa ibonyeze mgongoni mwa mkono wako. Ikichoma mkononi, usoni itakuchana. Vuta nywele kidogo, zikibaki vidoleni, irudishe.

Sponji au brashi?

Brashi ukitaka kufunika, sponji ukitaka kulainisha, na sponji iloweshwe kisha ikamuliwe vizuri. Ikitimiza miezi mitatu itupe, nakuomba.

Assalaam aleykum dada yangu. Nimesikia brashi nyingine ni nywele za nguruwe, na mimi naswali. Nitajuaje? (Msomaji, Unguja)

Waaleykum salaam. Swali zuri, na watu wanaona aibu kuliuliza. Nywele za nguruwe zipo kweli, zaidi kwenye brashi za kuchania nywele na za kupakia rangi ukutani. Malaysia mwaka 2017 serikali ilikamata brashi za rangi zaidi ya 2,000 kwa sababu hiyo, ziliuzwa bila kuandikwa zina nini. Za faundesheni siku hizi nyingi ni sinthetiki, ila soma boksi, na kama halijaandikwa kitu achana nayo. Ukishanunua na moyo haujatulia, chomoa unywele mmoja uuguse na moto: sinthetiki inayeyuka inakuwa kidonge kigumu, nywele ya mnyama inanuka kama nywele iliyoungua. Hiyo haikwambii ni mnyama gani, lakini ikiyeyuka amani imepatikana.

Naolewa Disemba, nina chunusi. Mpambaji ana brashi zake, nikienda na zangu si ataona namdharau? (Bi harusi mtarajiwa, Tanga)

Hongera mdogo wangu, na nenda nazo. Mwambie mapema, siku ile ya majaribio: "Dada, ngozi yangu inasumbua, naomba utumie hizi zangu." Anayeijua kazi hatanuna.

Hapa nitasema zaidi ya ulichouliza maana linaniuma. Jumamosi ya harusi mpambaji ana bi harusi, matroni, mama mzazi na mashangazi, na brashi ni ile ile inapita uso kwa uso. Kuifuta na tishu sio kuiosha! Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipokuwa unatembea Dar, watu tunahimizwa kunawa mikono kila saa, nilikaa saluni moja nikaona brashi moja ya wanja inapita kwa wanawake watatu mfululizo, nikanyanyuka nikaondoka, hela yangu nikaiacha. Kwa hiyo uliza bila woga brashi zimeoshwa lini. Faundesheni ikamuliwe kwenye kisahani safi, maskara ipakwe na kibrashi cha kutumia mara moja. Kati ya mteja na mteja apulizie spiriti ya asilimia 70 aache ikauke, na usiku aoshe zote na sabuni. Umelipa hela nyingi, una haki ya kuuliza.

Nimeosha brashi yangu kichwa kikachomoka. Ilikuwa feki?

Hapana, uliilowanisha mpaka kwenye ile pete ya chuma, gundi ikaachia. Nywele ziangalie chini muda wote, maji ya vuguvugu, shampuu ya mtoto, sugua kwenye kiganja mpaka povu litoke jeupe. Kisha ilaze ukingoni mwa meza nywele zikining'inia nje, usiisimamishe kwenye kikombe na usiianike juani. Kwa wale wa Dar wenye maji ya kisima yenye chumvi, sabuni haitoi povu vizuri na nywele zinakakamaa, suuzia maji ya mvua au ya dukani, nusu lita inatosha. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani wanasema kila siku 7 hadi 10. Mnaniambia kila Pasaka.

Faundesheni yangu ni nyeupe kuliko mimi, brashi gani itaichanganya mpaka ilingane na shingo?

Hakuna. Brashi inasambaza rangi, haiibadilishi. Tangu Fenty Beauty watoke na rangi 40 mwaka 2017 kampuni nyingine zimelazimika kuongeza za kwetu weusi, kwa hiyo ya kwako ipo, tafuta. Pima kwenye taya, mchana, toka nje ya duka, taa za dukani zinadanganya. Na kama jibu lako ni kwamba unaisubiri ngozi iifikie faundesheni, mdogo wangu acha huo mkorogo leo. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini kwa sababu, zebaki inaharibu figo. Nenda kwa daktari wa ngozi na kopo lako mkononi, alione.