Mwenye Akili Naye Hukosa Usingizi

Hapa Goma, mtu akikaa peke yake mbele ya nyumba, shavu likiwa juu ya kiganja, na salamu akaiitikia kwa shida, majirani husema tu: "Ana mawazo." Hawasemi kwamba ana huzuni, wala hawaulizi amepoteza nini. Neno lile lile tunalolitumia kwa kazi ya kichwa ndilo tunalolitumia kwa mzigo unaomkondesha mtu, na naona lugha yetu ililigundua jambo hili kabla ya wataalamu. Tangu utotoni nilisifiwa kwa mawazo ya namna ya kwanza, ukubwani nikaja kuugua kwa mawazo ya namna ya pili, na ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba yote huchotwa katika kisima kimoja.

Nilimaliza sekondari mwaka 2004. Matokeo ya mtihani wa Serikali yalipotoka nilikuwa na asilimia 74, na siku ile nilimwagiwa poda nyeupe kichwani hadi nikafanana na mwoka mikate, huku shangazi zangu wakiimba barabarani na baba, ambaye si mtu wa maneno mengi, akiitaja ile 74 kwa kila aliyepita. Asiyeijua Kongo hawezi kuelewa uzito wa asilimia hizo. Kwetu hazifutiki, namjua mzee mwenye wajukuu ambaye bado hutambulishwa misibani kwa alama alizozipata enzi za Zaire. Basi nilikua nikiamini kwamba furaha nayo ni mtihani, na kwamba aliyeiweza hesabu ataiweza na furaha.

Nilifundisha hisabati kwa miaka kadhaa, kisha nikapata kazi katika shirika moja la misaada, na wakazi wa mji huu wanajua maana yake: mshahara wa dola, kadi shingoni, na simu za ndugu hata wale uliokuwa umewasahau. Nilifurahi kwa miezi mitatu, labda minne. Mwezi wa tano nilikuwa nimeshajua mwenzangu wa chumba cha pili analipwa kiasi gani, na tangu hapo mshahara wangu, uliokuwa mara tano ya ule wa ualimu, ukaanza kunitia uchungu. Hisabati niliyoisomea kwa bidii ilikuwa imepata kazi mpya, ya kukokotoa nilichopunjwa.

Mwaka 1978 mwanasaikolojia Philip Brickman na wenzake wawili walichapisha uchunguzi juu ya watu 22 wa jimbo la Illinois, Marekani, waliokuwa wameshinda fedha nyingi katika bahati nasibu. Walipolinganishwa na watu wa maeneo yale yale ambao hawakushinda chochote, washindi hawakuonekana kuwa na furaha zaidi kwa kiasi cha maana, na mambo madogo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kula kifungua kinywa, yaliwapa raha ndogo kuliko wenzao. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kwamba nilipokuwa mwalimu, sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, siku ya mshahara ilikuwa sikukuu nyumbani mwetu. Binadamu huzoea neema, na mwenye akili, nadhani, huizoea upesi zaidi, kwa sababu kabla hajakaa vizuri juu ya ngazi moja ameshazihesabu zilizosalia.

Hapo ndipo watu hukimbilia kusema kwamba wajinga ndio wenye furaha. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, na karibu kila mara imetoka kwa mtu aliyeshiba. Si kweli. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 6,870 wa Uingereza, waliohojiwa mwaka 2007, nayo yalionyesha kwamba waliopata alama za chini katika kipimo cha akili ndio waliosema kwamba wana furaha ndogo kuliko waliopata alama za juu. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na kipato, afya, na uwezo wa mtu kujitegemea katika shughuli zake za kila siku. Kwa maneno mengine, akili hukusaidia kupata paa, dawa na ada ya watoto, na asiye na vitu hivyo asiambiwe kwamba furaha iko moyoni mwake. Lakini ukishavipata, akili inayobaki haina kazi maalumu, nayo haipendi kukaa bure.

Yangu ilipata kazi tarehe 22 Mei 2021. Jioni ya Jumamosi hiyo anga juu ya Nyiragongo, mlima wa volkano ulio karibu na mji wetu, iligeuka nyekundu, na lava ikashuka hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege, ikasimama. Mwaka 2002, nikiwa na miaka kumi na sita, nilikuwa nimeiona ikipita katikati ya mji hadi ziwani, kwa hiyo kukimbia nilikujua. Nisichokijua kilikuwa kungoja. Katika siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, nyufa zikafunguka barabarani, na mimi nikachukua daftari nikaanza kuandika kila mtikisiko: saa, dakika, na makadirio yangu ya nguvu yake kuanzia moja hadi tano. Alfajiri ya tarehe 27, wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji tulipoamriwa kuhama, daftari hilo ndilo kitu cha kwanza nilichokitia mkobani, kabla ya vyeti vya watoto.

Tulikwenda Sake. Jirani yangu, ambaye huleta viazi na kabichi kutoka Kibumba kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alimpandisha mama mkwe wangu juu ya chukudu hiyo pamoja na godoro letu, akaisukuma kama kilomita 25 katikati ya magari, mbuzi na watoto waliopotezana na mama zao. Usiku tulilala barazani pa kanisa, au tuseme jirani alilala. Mimi nilikaa na daftari na tochi ya simu, na kilichoniponza ni kwamba nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba chini ya maji ya Ziwa Kivu kuna gesi ya kaboni na methani iliyoyeyuka kwa wingi. Nilijua pia habari za Ziwa Nyos kule Kameruni, ambalo mwezi wa Agosti 1986 lilitoa gesi usiku na kuua watu zaidi ya 1,700 pamoja na mifugo yao. Wenzangu waliuogopa mlima tu. Mimi niliuogopa mlima na ziwa, na Sake iko karibu na ziwa hilo hilo.

Usiku wa tatu jirani aliamka kunywa maji akanikuta macho. "Mwalimu," akaniuliza kwa heshima kabisa, "hiyo hesabu ikiisha, itatuambia turudi lini?" Nilimjibu kwamba ni vizuri kuwa na takwimu. "Sawa, Mwalimu," akasema, akageukia ukuta.

Sitaki msomaji amgeuze jirani huyu kuwa mfano wa maskini mwenye furaha. Baadaye aliniambia kwamba naye aliogopa mpaka tumbo likamkata, na kwamba alilala kwa sababu alikuwa amesukuma mzigo siku nzima. Hakunizidi ushujaa. Ila hofu yake ilikuwa na kazi za kufanya, kutafuta maji, kutafuta kuni, kumfunika mama mkwe wangu miguu kwa shuka lake mwenyewe, na yangu ilikuwa na daftari.

Miaka miwili baadaye nilikutana na habari iliyonifanya nicheke peke yangu. Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko la Loma Prieta lilipiga California na kuua watu 63. Siku 14 kabla yake, kwa bahati tu, mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa amewahoji wanafunzi wake juu ya hali yao ya moyo na juu ya kile wanachokifanya wakiwa na huzuni, kama huinuka wakashika jambo au hukaa wakaigeuzageuza huzuni hiyo kichwani. Alipowahoji tena siku 10 baada ya tetemeko, na tena baada ya wiki saba, wale waliokuwa na desturi ya kuigeuzageuza ndio waliokutwa na dalili zaidi za sononeko. Lugha yetu ina neno zuri kwa tabia hiyo, kucheua, ingawa tumeliacha kwa ng'ombe na mbuzi. Ng'ombe hucheua apate lishe. Mimi nilicheua nikapungua kilo saba.

Wazee walisema akili nyingi huondoa maarifa, na kwa muda mrefu niliuona msemo huo kuwa faraja ya walioshindwa shule. Sasa nadhani ulikuwa ukieleza mtego mahususi: mwenye akili huamini kwamba kila kinachouma kina jibu, na kwamba jibu likichelewa ni kwa sababu hajafikiri vya kutosha, basi huongeza kufikiri, kama mtu anayekoroga matope akitumaini kwamba mwishowe yatakuwa maji safi. Tena hujitetea kwa ufasaha. Mke wangu aliponiambia kwamba nimekuwa mkali kwa watoto nilimpa sababu sita, zote zina mantiki, na watoto wakaendelea kunikwepa.

Halafu kuna ule msemo wa mganga hajigangi. Mwaka 2014 wanasaikolojia Igor Grossmann na Ethan Kross walichapisha majaribio ambamo watu waliokuwa na wapenzi waliombwa kuwaza juu ya usaliti, wengine wakiwaza kwamba wamesalitiwa wao, wengine kwamba amesalitiwa rafiki yao. Waliowaza habari ya rafiki walionyesha busara zaidi: walikubali kwamba hawajui yote, walitafuta njia ya kati, walijaribu kuuona upande wa pili. Lakini walioombwa kuitazama habari yao wenyewe kama mtu wa nje walilingana na wale waliowaza habari ya rafiki. Watafiti hao waliuita ugunduzi wao kwa jina la Mfalme Suleimani, ambaye watu walitoka mbali kutaka ushauri wake huku nyumba yake mwenyewe ikimshinda. Mwaka mmoja kabla yake Grossmann na wenzake wengine walikuwa wameonyesha kwamba busara ya namna hiyo iliambatana na kuridhika na maisha, jambo ambalo alama za kipimo cha akili hazikuonyesha.

Nikalichukua lile daftari la mitikisiko, nikaligeuza, nikaanza kuandika kutoka nyuma. Sijiandikii kama "mimi". Naandika kama jirani angeniandikia: "Mwalimu, unasema kwamba ulidharauliwa katika mkutano wa Jumanne. Aliyekudharau ni nani, na alisema nini hasa?" Swali hilo la "nini hasa" limenitibu kuliko kitabu chochote, maana mara nyingi ninapotakiwa kuyaandika maneno yaliyosemwa nakuta kwamba hayakusemwa; mtu alitazama saa yake tu, na sehemu iliyobaki nimeitunga mimi kwa ule ule ufundi uliowahi kunipatia asilimia 74. Siku nyingine nakuta kwamba yalisemwa kweli, nayo ni mabaya. Hapo Mwalimu hushauriwa amwendee mhusika, na mara nyingi haendi.

Kwa mawazo ya usiku nina kipimo kingine. Wazo likinijia saa nane, naliuliza tendo lake la asubuhi ni lipi. Likiwa nalo, naliandika kwa mstari mmoja nalala. Likikosa, nainuka nikaoshe sufuria za jioni. (Mara ya kwanza mke wangu alidhani tumeingiliwa na wezi akanijia na mchi, nawashauri wenye ndoa watoe taarifa mapema.) Mikono ikiwa ndani ya maji baridi kichwa hukosa nafasi ya kuhutubia.

Lililonigharimu zaidi ni kurudi kwa watu. Nilikuwa nimejitoa katika likelemba, yaani chama cha kuchangiana fedha kwa zamu, ya avenyu yetu kwa sababu vikao vilikuwa virefu, hesabu zimevurugika, na mazungumzo hayakuwa ya kiwango changu. Ndivyo nilivyosema kwa ulimi wangu, na naona aibu kuyaandika. Uchunguzi wa Harvard ulioanza mwaka 1938, ukawafuata kwa miongo mingi wanafunzi 268 wa chuo hicho na wavulana 456 wa mitaa ya kimaskini ya Boston, umemfanya kiongozi wake, Robert Waldinger, arudie kila aendako kwamba uhusiano mwema na watu ndio ulioonekana kuwalinda, afya na furaha pamoja. Nilirudi kwenye likelemba bila imani kubwa. Wakanipa kazi ya kutunza hesabu, wakanicheka nilipokosea jumla mwezi wa kwanza, na vikao bado ni virefu.

Yote haya yana mpaka, na ningekuwa mwongo nisipoutaja. Mji huu ulipita katika vita vya Januari 2025, na wako wanawake niwajuao ambao huzuni yao haikutokana na kucheua kokote. Imetokana na yale waliyoyaona, na kuwaambia wajiandikie barua ni matusi. Yako pia mawazo ambayo ni ugonjwa: usingizi unapotoweka kwa wiki nyingi, chakula kinapopoteza ladha, au mtu anapoanza kutamani kufa, hapo ni kwenda kwa waganga wa kazi hiyo, na hapa Goma tuna kituo cha Tulizo Letu kilichoanzishwa na watawa Ndugu wa Upendo. Watu huogopa kuonekana langoni wasije wakaitwa wazimu. Mimi nilionekana langoni. Niliitwa hivyo kwa kama wiki mbili, kisha mtaa ukapata habari nyingine.

Binti yangu mkubwa anajiandaa kwa mtihani wa Serikali. Juzi, akiwa anachambua sombe, majani ya muhogo, aliniuliza bila kuinua macho: "Papa, nikipata 60 utafurahi?" Nikamjibu haraka, "Lakini wewe unaweza 75, mama." Akaendelea kuchambua. Jibu hilo nimeshaliandika katika daftari, upande wa nyuma, na Mwalimu ameshauliza binti alimaanisha nini hasa. Leo jioni nitaketi naye tena jikoni, nimsaidie yale majani.