Usifiche hiyo mistari ya vipimo, mkuu

Toa mkono kwenye kipanya kwanza. Umesema kipande cha katikati cha wimbo wako hakina mapigo, mwimbaji anakwenda kama anayesoma zaburi, na umeamua kukiandika kwa vipimo vya kawaida vya 4/4, mapigo manne kila kipimo, halafu uifiche ile mistari ya wima inayovitenganisha. Umeuliza pia kuhusu noti ndogo, maneno mengi chini ya noti moja, na namba za vipimo. Hayo siku nyingine. Kwanza hiyo mistari, maana hilo shimo nalijua, nililala humo.

Mstari uliofichwa haujafutwa. Wewe huuoni, mwimbaji hauoni, lakini programu unayoandikia noti inauona. Na kwa kanuni ya kawaida, mstari wa kipimo ndio unaomaliza nguvu ya shapu (alama ya kupandisha noti), flati (ya kuishusha) au naturali (ya kuirudisha ilivyo) iliyoandikwa kabla yake.

Wimbo wangu ulikuwa kwenye F, ufunguo wa flati moja, yaani kila B ni flati. Kipande huru nikakigawa vipimo vitano, mistari nikaificha. Mwisho wa kipimo cha pili alto, yaani wanawake wa sauti ya chini, wana B naturali. Alama ikatoka, safi. Noti mbili mbele, tayari tuko kipimo cha tatu, kuna B nyingine niliyotaka iwe flati. Programu ikapiga hesabu zake: mstari umepita, naturali imekwisha, flati ya ufunguo imerudi, cha kuandika hakuna. Ikaiacha noti tupu. Sasa shika karatasi kama mwimbaji: unaona naturali, unaona B tupu, katikati hakuna mstari wowote. Utaimba naturali, na utakuwa sahihi kabisa.

Mbona sikuligundua? Kwa sababu nilikagua kwa masikio. Nilibonyeza cheza sijui mara ngapi, na kila mara B flati ikalia vizuri, tamu. Programu inapiga inachokijua yenyewe, haisomi karatasi uliyochapa.

Halafu nikaongeza balaa juu ya balaa. Alto wasiosoma noti niliwatumia ile sauti wajifunzie, wanaosoma nikawapa karatasi. Siku ya kukutana wote wamejiandaa, wote wana uhakika, nusu wanaimba B flati, nusu B naturali, na ni noti ya kushikilia. Mwalimu akasimamisha. Akarudia. Akasimamisha. Akaanza kulaumu pumzi. Mimi niko nyuma nawatazama alto kwa jicho baya, mtunzi mzima! Zikapita dakika 40 mpaka mama mmoja akainua karatasi akauliza, "Samahani, hapa pameandikwa nini?" Kopi 36, kalamu moja nyekundu, na mimi.

Msinicheke, kanuni ya mstari nilikuwa naijua tangu zamani. Aliyeniponza ni jamaa mmoja wa video: "Ficha tu, hakuna atakayejua." Kweli hakuna aliyejua, hata mimi mwenyewe. Chini yake maoni chungu nzima ya kumshukuru, na naapa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumkabidhi mwimbaji ile karatasi. Kuandika bila mistari si kosa, mtunzi Mfaransa Satie aliandika hivyo Gnossiennes zake za kwanza, vipande vya piano. Kosa ni kuficha mstari na kuiachia programu hesabu.

Kwa hiyo: herufi ya noti ikishawekewa alama mara moja ndani ya kipande huru, kile kisicho na mapigo, kila inaporudi ibebe alama yake, hata kama ufunguo umeshasema. Na ikirudi oktava nyingine pia, yaani herufi ileile juu zaidi au chini zaidi, kwa sababu alama haivuki oktava na waimbaji wengi hawalijui hilo. Kwenye programu ya MuseScore chagua noti, weka alama kwa mkono. Kwenye LilyPond, programu ambayo noti unaziandika kwa maandishi, mtego umegeuka: ukishaandika \cadenzaOn, amri ya kuanza kipande huru, hakuna kipimo kipya kinachoanza hata ukiweka \bar, amri ya kuchora mstari, kwa hiyo alama inakumbukwa mpaka mwisho wa kipande na noti zinazorudi hubaki tupu. Weka ! baada ya noti ili alama itoke kwa lazima, au ? itoke ndani ya mabano. Programu ya Dorico ina kanuni za kuchagua, mojawapo inaandika alama kwenye kila noti, naturali zikiwemo. Ukurasa unachafuka, ndiyo. Bora uchafuke.

Utaniambia utumie kipimo kimoja kirefu, 23/4 hivi. Kinaondoa mtego wa mistari, ila changu kilizidi upana wa ukurasa, noti zikabanana kama abiria, nikarudi kwenye vipimo vilivyofichwa. Sasa navikata pale mwimbaji anapovuta pumzi, na alama zote naziweka mwenyewe.

Ukimaliza zima spika, chapa, mpe mtu ambaye hajawahi kuusikia huo wimbo aimbe kutoka kwenye karatasi. Mimi siku hizi nampa yule mama.